Saa zimetimia, leseni imegoma: majibu kwa mawakala wa nyumba walioko Marekani

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wenye leseni za uwakala wa nyumba katika majimbo kadhaa ya Marekani. Kila mmoja ana lake, lakini lalamiko ni moja: nimesoma, nimelipa, na bado leseni haihuishwi. Kabla ya kumjibu yeyote, tuseme hili. Jumla ya saa ndiyo namba ambayo kila mtu huikariri, na ndiyo inayowaponza wengi. Ofisi ya leseni huuliza pia saa hizo ni za somo gani, zilikamilika tarehe ngapi, na zimesajiliwa kwa namba ya leseni ya nani. Ukikosea moja kati ya hayo, hata saa mia hazitakufaa.

Nina leseni ya Texas, inaisha mwezi ujao. Nimemaliza saa 18 sawasawa na mwenzangu tunayekaa naye ofisi moja. Yeye amehuishiwa, mimi mfumo unasema bado. Kosa liko wapi? — Msomaji, Houston

Mwenzako alishapita uhuishaji wa kwanza, wewe ndio unauingia. Ni taratibu mbili tofauti kabisa, na hili ndilo kosa tunalokutana nalo kuliko yote.

Ili upewe leseni ya wakala wa mauzo Texas ulisoma saa 180. Kabla ya kuihuisha mara ya kwanza, tume ya jimbo hilo, TREC, inakudai saa 90 nyingine za kozi za msingi, yaani kozi tatu za saa 30, ili ufikishe 270. Juu yake kuna kozi mbili za mabadiliko ya sheria, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, saa 4 kila moja. Jumla ni 98. Saa 18 za mwenzako ni za uhuishaji wa pili na kuendelea, kila baada ya miaka miwili: 8 za mabadiliko ya sheria, 3 za mikataba, na zilizobaki ni za kuchagua mwenyewe. Broka, yaani mwenye leseni ya juu, anayesimamia mawakala wengine huongezewa kozi ya saa 6 ya wajibu wa broka, nayo huhesabiwa ndani ya zile 18.

Kwa hiyo, katika saa ulizosoma, zile 8 za sheria zitakufaa ikiwa kweli ulichukua sehemu zote mbili. Saa za kuchagua hazigeuki kuwa kozi za msingi hata uzirundike vipi. Kagua pia orodha ya kozi ulizotumia kupata leseni: wapo waliosoma zaidi ya saa 180 tangu mwanzo, na kozi ya ziada iliyoidhinishwa inaweza kuwa tayari imepunguza deni la 90.

Ukiwa na mwezi mmoja, kozi tatu za saa 30 zinawezekana, lakini usisubiri wiki ya mwisho. Mtoa kozi za sheria ana siku 10 za kupeleka taarifa zako kwa tume, naye hana sababu ya kukimbia kwa ajili yako. Ile njia ya kulipa dola 200 na kuongezewa siku 60 imewekwa kwa wanaodaiwa saa 18 za kawaida, si kwa anayedaiwa hizi 90. Zisipotimia, unaweza kuhuisha kwa hali ya leseni iliyolala: leseni haifi, ila huruhusiwi kufanya kazi ya uwakala hata ya siku moja mpaka umalize.

Leseni yangu ya California inaisha Ijumaa. Leo ni Jumatano, sijaanza. Nimeona tangazo la kozi ya saa 45 mtandaoni. Nikikesha siku mbili nitafika? — Msomaji, Oakland

Hutafika, na tatizo si usingizi. California hairuhusu mtu kufanya mitihani ya mwisho ya kozi zenye zaidi ya saa 15 ndani ya saa 24. Piga hesabu: ukimaliza mitihani ya kundi la kwanza Jumatano saa nne usiku, kundi la pili ni Alhamisi saa nne usiku, na la tatu ni Ijumaa saa nne usiku. Kwenye karatasi zimebaki saa mbili kabla ya saa sita usiku. Lakini hesabu hiyo inadhani unaanza mtihani leo, na mtihani haufunguki mpaka muda wa kusoma kozi yenyewe uishe. Kozi inayokwambia vinginevyo ikimbie.

Alama ya kufaulu ni asilimia 70. Ukianguka unarudia mara moja. Ukianguka tena, kozi hiyo unaianza upya na kuilipia upya. Kwa mtu anayehesabu saa, hapo ndipo mpango wote unapovunjika.

Fanya hivi. Kubali kwamba leseni itaisha Ijumaa. Sheria inakupa miaka miwili ya kuihuisha kwa kuchelewa, kwa ada kubwa zaidi, bila kurudia mtihani wa leseni. Watu wengi huisoma miaka hiyo miwili kama ruhusa ya kuendelea na kazi. Si ruhusa. Tangu dakika leseni ilipoisha hadi itakapohuishwa, kuonyesha nyumba, kujadili bei, na hata kuweka tangazo la nyumba ni kufanya kazi bila leseni, na huna haki ya kudai kamisheni ya kazi uliyoifanya katika pengo hilo. Mwambie broka wako leo, si Jumatatu, ili wateja walio katikati ya shughuli wakabidhiwe wakala mwingine kabla ya Ijumaa.

Halafu angalia mgawanyo, kwa sababu saa 45 za California si saa 45 za chochote. Wakala wa mauzo anayehuisha mara ya kwanza husoma kozi tano za saa 3 kila moja: maadili, uwakala, kushika fedha za amana, haki sawa katika makazi, na kudhibiti hatari. Kisha saa 2 za upendeleo ambao mtu anao bila kujitambua. Hizo ni 17. Anaongeza saa 18 au zaidi za ulinzi wa mteja, na 10 zilizobaki ni za ulinzi au huduma kwa mteja. Broka ana kozi nyingine ya saa 3 ya usimamizi. Wanaohuisha mara ya pili na kuendelea wanaweza kuyafunga yale masomo ya lazima kwa kozi moja ya marudio ya saa 9, na ndiyo maana tangazo ulilokutana nalo linaonekana jepesi. Kama huu ni uhuishaji wako wa kwanza, hiyo kozi ya saa 9 haikuhusu.

Na kwa miaka minne ijayo: mfumo hukuruhusu kuhuisha kuanzia siku 90 kabla ya leseni kuisha. Iandike hiyo tarehe kwenye kalenda na uisahau ile ya mwisho.

Nimesoma kozi ya saa 3 mtandaoni, kurasa zote nimezipitia, lakini naambiwa nimesoma saa moja na nusu. Wananiibia? — Msomaji, Orlando

Huenda hawakuibii. Katika majimbo mengi saa moja ya masomo ni dakika 50, kwa hiyo kozi ya saa 3 inataka dakika 150 za kuwa ndani ya kozi, na mfumo unazihesabu mwenyewe.

Saa ya mfumo husimama bila kukuaga. Ukifungua dirisha lingine la kompyuta ukasoma barua pepe, husimama. Ukikaa dakika kadhaa bila kugusa chochote, husimama au hukutoa nje. Ukichapisha somo ukalisoma kwenye karatasi, ukarudi na kubofya kurasa harakaharaka, mfumo unajua tu ule muda wa kubofya. Ukiingia kwa simu na kompyuta kwa wakati mmoja, mifumo mingi huhesabu kimoja na kukitupa kingine. Hili la mwisho tunadhani ndilo lako, maana nusu kamili kukosekana si jambo la bahati mbaya.

Madarasa ya moja kwa moja kwa video yana mitego yake. Kamera ikizimwa, au ukachelewa kuingia baada ya mapumziko, mwalimu anapaswa kukuondoa kwenye orodha, na hakuna nusu cheti. Usihudhurie ukiwa unaendesha gari. Mbali na hatari, wengi hukatwa hapohapo.

Kingine: kupitia kurasa si kumaliza. Kozi hukamilika ukishafaulu mtihani na kutia ile kauli ya mwisho kwamba ni wewe uliyesoma. Tarehe ya cheti ni ya siku hiyo, si ya siku uliyolipa. Mtu aliyelipa Januari na kufanya mtihani Aprili amesoma Aprili.

Na kabla ya kufunga ukurasa, linganisha jina na namba. Jina liwe lilelile lililo kwenye leseni. Walioolewa na kubadili jina ukoo hunaswa sana hapa. Kwa Florida, namba ya leseni ya wakala wa mauzo huanza na SL na ya broka huanza na BK. Aliyepanda kutoka SL kwenda BK na kuacha namba ya zamani kwenye akaunti ya mtoa kozi atajaza saa kwenye leseni isiyotumika tena.

Nina leseni mbili, New York na New Jersey. Kozi moja ya haki za makazi siwezi kuitumia kote kote? — Msomaji, Jersey City

Unaweza ikiwa kozi hiyo imeidhinishwa na majimbo yote mawili, kila moja kwa namba yake. Usitazame jina la kozi. Tazama namba ya idhini na umwombe mtoa kozi cheti cha kila jimbo.

Alama ya ARELLO, jumuiya ya ofisi za leseni za nyumba, iliyobandikwa kwenye kozi nyingi za mtandaoni inawachanganya watu. Inathibitisha jinsi kozi ilivyotengenezwa na inavyofundishwa kwa mbali. Haimaanishi kwamba New York au jimbo lolote limekubali maudhui yake kwa uhuishaji.

New York inataka saa 22.5 kila miaka miwili, na ndani yake 3 za haki sawa katika makazi, 2.5 za maadili ya biashara, 2 za upendeleo usiojijua, 2 za kuelewa tamaduni, 1 ya mambo mapya ya kisheria, na 1 ya uwakala, ambayo huwa 2 katika kipindi cha kwanza cha leseni. Saa za upendeleo na za tamaduni ziliongezwa mwaka 2022. Miaka mitatu kabla, gazeti la Newsday lilikuwa limewatuma wateja wa majaribio wenye kamera za siri kwa mawakala wa Long Island, weupe na wasio weupe, wakiwa na kipato kinacholingana, na likaonyesha jinsi walivyopelekwa mitaa tofauti. Kwa hiyo saa hizo hazikuwekwa kujaza karatasi.

New Jersey ni saa 12 tu, lakini tarehe yake ni ya ujanja. Leseni inaisha Juni 30 ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, ila masomo yanatakiwa yawe yamekwisha Aprili 30. Ukitazama tarehe ya leseni pekee utakuwa umechelewa miezi miwili huku ukijiona uko mapema.

Nilisafiri mwaka mzima na leseni yangu ya Florida ikapita tarehe. Nimepoteza kila kitu? — Msomaji, Tampa

Inategemea ulikuwa uhuishaji wa ngapi, nawe hukusema.

Kama ulikuwa wa kwanza, na hukumaliza saa 45 za masomo ya baada ya leseni, habari ni mbaya: leseni imefutika, na unaanza upya na kozi ya saa 63 na mtihani wa jimbo. Florida haina huruma hapo.

Kama ulikuwa wa pili au zaidi, ulitakiwa saa 14: 3 za sheria, 3 za maadili, 8 za fani. Leseni yako imelala kwa lazima. Ndani ya miezi 12 ya kwanza unaiamsha kwa saa hizo 14 na ada ya kuchelewa. Ukishavuka miezi 12 lakini hujafika 24, unatakiwa kozi ya kuamsha leseni ya saa 28. Ukivuka 24, imefutika. Kwa kuwa umesema mwaka mzima, tafuta leo tarehe kamili. Florida huhuisha ama Machi 31 au Septemba 30, na wiki moja kwako inaweza kuwa tofauti ya saa 14 na 28.

Usichanganye hali hii na leseni iliyolala kwa hiari, yaani uliyeomba mwenyewe ipumzike. Hiyo bado inahuishwa kila miaka miwili, na bado inadai masomo. Kupumzika kazi si kupumzika darasa.

Nimesoma kozi ya maadili ya chama cha NAR. Inahesabika kwenye saa za jimbo? — Msomaji, Columbus

Mara nyingine. NAR, chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba Marekani, inawataka wanachama wake wasome angalau saa 2.5 za kanuni zake za maadili kila baada ya miaka mitatu. Hilo ni sharti la chama. Jimbo huitambua kozi hiyo iwapo tu aliyeitoa aliipatia pia idhini ya jimbo. Na kinyume chake ni kweli: kozi ya maadili ya jimbo hairidhishi chama mpaka ithibitishwe kuwa imefuata malengo yake. Muulize mtoa kozi maswali mawili tofauti, usiulize moja.

Saa za kuchagua mwenyewe nizitumie kwenye nini? Kozi za mauzo zinanivutia. — Msomaji, Dallas

Za mauzo utazipata bure kila kona. Tungekuwa sisi, tungetumia saa hizi kwenye mambo yanayompeleka wakala mahakamani.

La kwanza ni mikataba ya mnunuzi. Tangu Agosti 17, 2024, kufuatia suluhu ya kesi dhidi ya NAR, wakala anayetumia mifumo ya matangazo ya nyumba inayofuata kanuni za chama hicho lazima awe na makubaliano ya maandishi na mnunuzi kabla ya kumwonyesha nyumba. Malipo yatajwe kwa kiasi kinachoeleweka: dola kadhaa, asilimia kadhaa, au kiwango kwa saa. Kuandika "chochote muuzaji atakachotoa" hakukubaliki. Mkataba useme pia kwamba ada zinajadiliwa na hazikupangwa na sheria. Mawakala wengi wanabeba fomu sahihi na kuijaza vibaya, hasa pale wanapoacha nafasi ya kiasi wazi "tutajaza baadaye". Kozi nzuri itakukalisha chini uijaze fomu yenyewe mstari kwa mstari.

La pili ni haki sawa katika makazi, hata kama umeshatimiza saa za lazima. Sheria ya shirikisho ya 1968, pamoja na nyongeza za 1974 na 1988, inakataza ubaguzi kwa misingi saba: mbari, rangi, asili ya taifa, dini, jinsia, kuwa na watoto, na ulemavu. Wasomaji wetu wana mtego wao wa pekee. Mteja anayezungumza lugha yako anakuuliza, "Nitafutie mtaa wenye watu wa kwetu." Kwa masikio yetu ni ombi la udugu, kwa sheria, ukimjibu kwa kumpeleka mtaa fulani na kumwondoa kwenye mwingine, umemchagulia makazi kwa asili yake. Akikupa anwani ya mahali anapotaka kuwa karibu napo, tafuta nyumba kwa umbali. Nani anaishi mtaani humo, akajionee mwenyewe.

La tatu ni wizi wa fedha kwa barua pepe. Mhalifu huingia kwenye barua za mmoja wenu, husubiri wiki ya kufunga mauzo, kisha humtumia mnunuzi namba mpya ya akaunti kwa jina lako. Kozi ya saa 3 inatosha kukufundisha kanuni moja iliyo ngumu kuitii siku yenye haraka: namba za akaunti zithibitishwe kwa simu, kwa namba iliyopatikana mwanzoni mwa shughuli, kamwe si ile iliyo ndani ya barua yenyewe.

Kwa wanaouza nyumba zilizojengwa kabla ya 1978, ongeza somo la rangi za ukutani zenye madini ya risasi na karatasi zake.

Nimepata barua ya ukaguzi kutoka California. Vyeti viko kwenye barua pepe ya zamani iliyofungwa. — Msomaji, San Diego

California hukuamini kwanza na kukukagua baadaye. Unapohuisha mtandaoni, unaandika mwenyewe namba ya kila kozi na tarehe uliyoimaliza. Wakikuchagua kwenye ukaguzi, ni wewe wa kuleta vyeti. New York nayo hukutaka uthibitishe mwenyewe kuwa umesoma. Texas na Florida hupokea taarifa kutoka kwa mtoa kozi, kwa hiyo huko hatari yako ni mtoa kozi aliyesahau.

Waandikie watoa kozi leo kuomba nakala. Wanatakiwa kuweka kumbukumbu. Toa jina lako la wakati ule, namba ya leseni na mwezi uliosoma. Kisha ijibu ofisi ya jimbo kabla ya tarehe iliyo kwenye barua hata kama vyeti havijafika, ueleze ni kozi zipi na umeomba nakala lini. Ukimya husomwa kama kukiri.

Kozi ni rahisi na mimi sina muda. Mke wangu akinibofyia kurasa, kisha mtihani nikafanya mwenyewe, kuna ubaya? — Msomaji, hakutaja mji

Upo, ndugu yetu. Ile kauli unayotia mwishoni inasema wewe ndiye uliyehudhuria kozi, si mtihani peke yake. Kukosa saa hukugharimu ada na wiki chache za kukaa bila kazi. Tamko la uongo kwa ofisi ya leseni linaweza kukufutia leseni yenyewe, na utakutana na swali lake kila utakapoomba leseni katika jimbo lingine.